Mnunuzi Aliyechutama Nyuma ya Tanki

Vijana wa kijiwe chetu cha Kahama waliponiaga walinipa kiti cha plastiki chenye mikono, wakaniomba kitu kimoja: niwaandikie namna ya kuuza nyumba. Nimekikalia kiti hicho wiki tatu sasa, barazani kwangu, na nimegundua kwamba namna ya kuuza nyumba siijui. Ninaowajua ni watu walionunua na watu waliouza, na ninayakumbuka makosa niliyofanya katikati yao. Nitaandika hayo. Habari za nilipata nini na nilijenga wapi mtaniuliza tukikutana, na sitawajibu.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Mama Neema, dalali wa nyumba na viwanja. Kazi hii nimeifanya Kahama, nikizunguka hadi Isaka, Masumbwe na Geita, mpaka magoti yalipokataa kupanda pikipiki. Najua wengine wenu mnaona haya kuitwa madalali, mmeandika "wakala" kwenye fulana. Andikeni mnachotaka. Mteja akimpigia mwenzake simu atasema tu, "Yule dalali."

Nilianza nikiwa muuza chai na chapati mbele ya benchi la Mzee Nassoro. Yeye alikuwa dalali wa siku nyingi, mtu mpole, kofia yake imenyooka kila siku kama ya Idi. Asubuhi moja aliniambia kwamba habari za nani anahama na nani anajenga zinanifikia mimi kabla yake, kwa hiyo afadhali nilipwe kwa kuzisikia. Nikacheka. Kesho yake akanipa ufunguo wa nyumba moja, akaninong'oneza bei anayotaka mwenye nyumba na bei ambayo chini yake mwenye nyumba hashuki, akanituma na mteja wangu wa kwanza, muuguzi mmoja mwenye haraka zake.

Tulipofika getini yule muuguzi akauliza, "Bei ya mwisho ngapi?" Nami, mtoto wa watu niliyefundishwa kutosema uongo, nikamtajia bei ya mwisho. Akashukuru vizuri sana. Halafu akaingia ndani, na kila chumba tulichoingia akaomba apunguziwe. Sebuleni alilalamikia dirisha, chumbani akalalamikia sakafu, na tulipofika jikoni nilikuwa nimeshamuuzia nyumba ya watu kwa bei ambayo mwenyewe angeisikia angelazwa.

Mzee Nassoro hakunifokea. Alikunywa chai yake mpaka akaona majani, ndipo akasema, "Mama Neema, umeshusha bei getini. Ndani ulibakiza nini cha kushusha? Bati?"

Akanifundisha kutaja bei mara moja, kisha kunyamaza. Kutaja bei ni rahisi. Kunyamaza kulinitoa jasho, maana mimi ukimya ukizidi huwa nahisi nimemkosea mtu, naanza kuujaza, na anayejaza ukimya wa bei hujaza kwa punguzo. Nikapata dawa yangu mwenyewe. Nilianza kubeba karanga za kukaanga kwenye mkoba. Nikishataja bei, natia karanga mdomoni na kutafuna polepole. Mteja anatazama dari, anatazama viatu vyake, mimi natafuna. Wengi walikuwa wakipanda wenyewe kabla sijameza. Vifaa vyangu vingine vilikuwa futi ya kamba, tochi ya kumulika juu ya dari, na ndoo ya kumwaga maji chooni ili mteja aone yanakwenda. Sasa ninyi mnapiga picha za simu zinazofanya choo kionekane sebule. Mteja akifika anakasirika kabla hajasalimia.

Halafu kuna wanunuzi wenyewe. Mfugaji haji peke yake. Anakuja na kaka zake watatu na mjomba, wanakaa upande wa ukuta wenye kivuli, wanajadiliana kwa Kisukuma mbele yangu kana kwamba mimi ni mgeni kutoka pwani. Mmoja alitaka kulipa nusu kwa ng'ombe. Mwenye nyumba, mwalimu wa hesabu, alikubali palepale, kisha akanivuta pembeni kuniuliza ng'ombe hao watalala wapi ikiwa nyumba yenyewe ameshaiuza. Mchimbaji naye, ambaye duara lake, yaani shimo lake la kuchimba, limetoa dhahabu wiki hii, haulizi maji wala umeme. Anauliza, "Naingia leo?" Ukimwambia asubiri wiki, pesa yote imeshashuka kwenye shimo jingine. Ukimharakisha, anahisi unamficha kitu. Huyo mpeleke siku hiyohiyo, lakini mtembeze taratibu, mwache afungue hata kabati.

Na mwenye nyumba mtoe. Mtume sokoni, mtume kanisani, mtume kwa dada yake, asiwepo mnunuzi anapokagua. Muuzaji akiwepo ataanza kusimulia alivyojenga, mnunuzi ataona aibu kusema ufa ameuona, ataondoka na ufa wake moyoni na hatarudi tena. Kubwa kuliko hayo, muuzaji akiwepo atasema kwa nini anauza. Sababu ya kuuza ni siri ya muuzaji na dalali wake. Mnunuzi akishajua una haraka, umekwisha.

Sasa niwape ile ya Masumbwe, ambayo mmekuwa mkiisimulia kijiweni vibaya. Kuna mmoja wenu anasema mnunuzi alizimia. Hakuzimia. Alichutama.

Mwenye nyumba alikuwa mjane, mama wa makamo ya mwisho, mwembamba, mcheshi, aliyefahamika mtaani kama Mama Limbu kwa jina la mwanawe aliyehamia Tunduma kikazi. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, ya tofali za saruji, yeye na marehemu mumewe waliijenga kwa kuuza mpunga. Jina lake la kuzaliwa ni Kulwa, na kama kuna Kulwa basi kuna Dotto. Dotto aliolewa Songwa, upande wa Kishapu, naye pia alikuwa ameshafiwa na mume. Mapacha hawa waliachana walipoolewa, na tangu hapo wamekuwa wakionana kwenye misiba na kwa simu tu. Ikatokea nyumba iliyopakana na ya Dotto inauzwa. Mwenyewe, Mzee Jilala, mstaafu wa mgodini, aliahidi kusubiri mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo angemuuzia mwenye duka aliyetaka kuigeuza stoo ya pumba na mashudu.

"Mama Neema," Mama Limbu aliniambia siku ya kwanza, ameshika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, "nimezaliwa na mtu pembeni yangu. Nataka nizeeke naye pembeni yangu. Unaelewa?"

Nilielewa. Mimi sina pacha, lakini nilirudi Kahama siku hiyo nikajiapiza kwamba mama huyu atahamia Songwa hata nikilazimika kumbeba.

Mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa nilipompata Masanja. Alikuwa mchimbaji wa upande wa Geita, kijana wa miaka thelathini na kitu, duara lake na wenzake lilikuwa limetoa vizuri, na kwa ajabu ya Mungu alitaka kununua nyumba kabla ya kununua gari. Alitaka kumshtukiza mkewe. "Sijamwambia, mama," alisema. "Nataka siku moja nimfunge macho na kitambaa, nimfungue yuko sebuleni kwake." Nikaona huyu ni mtu mzuri. Nami nilikuwa nimemkataza Mama Limbu kutangaza kwa ndugu kwamba anauza, maana ndugu wakijua bei hupata washauri. Dotto peke yake ndiye aliyejua. Kwa hiyo pande zote mbili midomo imefungwa, na aliyeifunga ni mimi.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanza, na nataka mlisome vizuri. Kwa desturi yetu watu wawili wakikutana husalimiana kwa kirefu. Unatoka wapi, wewe ni wa nani, baba yako ni yupi, umeoa kwa nani. Mtu wa haraka huona ni kupoteza muda. Siku ile nilikuwa mtu wa haraka. Siku tisa zilikuwa zinanikimbiza. Masanja alipoanza, "Mimi ni wa kwa Masanja wa kule Kishapu, nimeoa..." nikamkatiza, nikamwambia twende, jua linapanda, tutaongea njiani. Njiani tulikuwa kwenye pikipiki mbili tofauti.

Mama Limbu nilikuwa nimemtuma sokoni. Hakwenda. Alikuwa ameanika michembe yake uwanjani, vile viazi vitamu vya kukausha, na hakuna mbuzi wa Masumbwe asiyejua uwanja ule. Alikaa ndani kuilinda kupitia dirishani. Masanja akapiga hodi, mlango ukafunguka, mama akatoka na tabasamu lake lote.

Masanja alimtazama mara moja. Akageuka nyuma, akatembea haraka mpaka nyuma ya tanki la maji, akachutama na kufunika uso kwa mikono.

Nikamfuata. "Baba, kuna nini? Unaumwa?"

"Mama Neema, umenileta kwa mkwe!"

"Mkwe gani? Huyu ni Mama Limbu."

"Mimi namjua mama mkwe wangu! Nimetoa ng'ombe kwake! Amefikaje huku? Kabula hajaniambia kama mama yake amesafiri!"

Mama Limbu naye, ambaye hajui kitu, alikuwa anasogea na kikombe cha maji. "Mwadila, baba," anamsalimia kwa Kisukuma. "Jua limemchoma huyu. Mpe maji anywe."

"Asije! Mama Neema, mwambie asije!"

Nilisimama katikati ya tanki na michembe, kichwa kinazunguka, kisha kikatulia kwenye jina moja. Nikamuuliza Masanja, "Mkweo anaitwa nani?" Hakuweza kulitaja, mkwe hatajwi jina. Akasema tu, "Anakaa Songwa." Nikageuka kwa Mama Limbu: "Dotto ana binti anaitwa Kabula?" Kikombe kikamponyoka. Akavuta kanga ya mabegani, akajifunika kichwa mpaka machoni, akarudi ndani mbio, na mlango ukafungwa.

Nilidhani Masanja atapata nafuu akijua kwamba huyu si mama mkwe wake bali ni pacha wa mama mkwe wake. Alizidi kuinama. "Hiyo ni mbaya zaidi," alisema. "Huyu ni mkubwa wake."

Kwa wageni wa mikoa mingine mliojiunga na kijiwe, niwaambie. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni, hawapokezani kitu mkono kwa mkono, na chumba anacholala mama mkwe, mkwewe hakiingii hata paa likishika moto. Mjini mambo haya yamelegea. Kwa Masanja hayakuwa yamelegea hata nukta moja, na binafsi nilimheshimu kwa hilo, ila siku ile nilitamani awe mhuni kidogo.

Nikajaribu kuokoa biashara. Mnunuzi nyuma ya tanki, muuzaji nyuma ya dirisha, mimi natembea katikati nikiikwepa michembe.

"Mwambie mkwe," akasema Masanja, "bei aliyosema nimeikubali. Na kama haitoshi naongeza."

Nikaenda dirishani. "Mwambie mkwe," ikasema kanga, "sitaki kumuumiza mtoto wetu. Atoe robo tatu."

Nikarudi kwenye tanki. "Hapana, robo tatu ni kumdhulumu mkwe! Naongeza laki tano."

Dirishani: "Laki tano za nini? Mwambie nusu inatosha."

Katika miaka yangu yote sijawahi kuona biashara ambayo mnunuzi anapandisha na muuzaji anashusha. Karanga zilikuwa mkobani, hazina kazi. Nisingejali kama wangekutana juu, lakini Mama Limbu alikuwa anashuka kwa kasi kuliko Masanja anavyopanda, kwa sababu heshima ya mkubwa ni kumshinda mdogo kwa ukarimu. Na robo tatu ya bei ile haikufika bei ya Mzee Jilala. Nusu ndiyo kabisa. Alikuwa anajishusha mwenyewe kutoka kwenye nyumba ya Songwa, shilingi baada ya shilingi, kwa adabu.

Nikainua mikono nikasema kwa sauti ya kusikika pande zote mbili, "Leo biashara imefungwa. Hakuna bei iliyotajwa hapa. Zote zimefutwa." Masanja aliondoka kinyumenyume mpaka barabarani. Mama Limbu alipofungua mlango alikuwa analia. "Nimemfukuza mnunuzi," alisema. "Mama Neema, nimejifukuzia mwenyewe." Nikamkalisha, tukaokota michembe pamoja, maana mbuzi hawakuwa wamefunga biashara. Niliogopa sana jioni ile. Mnunuzi mwingine sikuwa naye, na niliona wazi kwamba kama ningesalimia vizuri asubuhi, haya yote yasingetokea.

Kilichonijia nilipokuwa narudi Kahama ni kitu cha kawaida kabisa. Mkwe haingii chumba cha mama mkwe, lakini binti huingia. Binti hufungua hata kabati. Kesho yake nikaenda Geita, nikamkuta Masanja, nikamwambia ule mpango wa kitambaa machoni aufute na amtume mkewe. Ilimuuma, alikuwa ameshanunua kitambaa.

Kabula alifika Masumbwe keshokutwa yake, mtoto mgongoni, mdomo uko tayari. "Shikamoo mama mkubwa! Unauza nyumba, mimi nasikia kwa dalali?"

"Marahaba mwanangu. Na wewe mumeo ananunua nyumba, unasikia kwa nani?"

"Kwa dalali huyohuyo!" Wakanigeukia wote wawili. Nikala karanga.

Nimewatembeza wanunuzi wengi, lakini kama Kabula sijamwona. Aligonga kila ukuta. Alipanda stuli akamulika dari na tochi yangu. Alisogeza kabati la nguo ambalo halikuwa limesogezwa tangu nyumba ijengwe, akakuta ufa, akauingiza kidole. Akaingia chumba cha mama mkubwa wake, akakaa kitandani, akapima kwa macho. Kisha tukaketi jikoni, na hapo akafanya jambo ambalo lilinipandisha presha.

"Mama mkubwa," aliuliza, "yule mzee wa Songwa anataka ngapi?"

Dotto alikuwa ameshamsimulia binti yake yote kwa simu. Sababu ya kuuza, nyumba ya Songwa, mwisho wa mwezi, siri yote ya muuzaji imekaa mezani kama sahani ya ugali. Nikakohoa. Nikamkanyaga Mama Limbu mguu chini ya meza. Akaniangalia kwa mshangao, akasogeza mguu, akataja bei ya Mzee Jilala mpaka shilingi ya mwisho.

Nikasema moyoni, basi, imekwisha. Mnunuzi anayejua kiasi unachohitaji hatakupa zaidi ya hapo.

Kabula alimpapasa mtoto. "Ongeza gari la kuhamisha vitu," alisema. "Ongeza na kitanda kipya, hicho chako kinalia. Haya. Chini ya hapo, mama mkubwa, hata ukilia sishuki, kwa sababu huko unakokwenda ni kwa mama yangu. Sasa juu ya hapo ndiyo tugombane."

Na waligombana. Jamani! Kulikuwa na nafasi nzuri tu kati ya kiasi kile na bei tuliyoitangaza, na wanawake wale wawili waliipigania kama wauza dagaa. Kabula akadai punguzo kwa ule ufa. Mama Limbu akadai nyongeza kwa mti wa mpapai unaozaa. Kabula akasema mlango wa nyuma umeliwa na mchwa. Mama Limbu akasema mchwa hao ni wa juzi. Niliona uso wa yule mama unarudiwa na rangi, anacheka, anapiga meza, maana kwa binti yake hakuwa na haja ya adabu ile ya dirishani, aliweza kuuza nyumba kama mtu mwenye nyumba.

Walikwama kwenye chumba. "Mume wangu hawezi kulala chumba chako," Kabula alisema. "Nanunua vyumba vitatu, naingia viwili. Punguza."

"Basi kibomoe."

"Kubomoa ni gharama. Punguza."

Hapo nikafanya kazi yangu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nikauliza, "Wajukuu wanalala wapi?"

Bibi na mjukuu hawana ukwe, wana utani. Mjukuu anaweza kulala kitanda cha bibi na kukikojolea, na bibi atacheka. Kwa hiyo chumba kikubwa kikawa cha watoto, Masanja na mkewe wakachukua chumba kidogo, na Mama Limbu akapunguza kiasi cha bei ya mlango wa nyuma. Masanja alipigiwa simu akakubali kila kitu bila kuuliza bei. Nilimwambia Kabula asimruhusu kamwe kununua chochote peke yake.

Tuliandikishana kwa mtendaji, mbele ya mwenyekiti na mashahidi. Mama Limbu alitia saini ndani. Masanja alitia saini nje, karatasi nikimpitishia dirishani, mgongo ameupa ukuta. Mtendaji aliuliza kama huyo mnunuzi anatafutwa na polisi.

Zilibaki siku mbili. Nilikodi gari, tukapakia michembe, kitanda kinacholia na Mama Limbu, tukaenda Songwa. Njia nzima nilikuwa namfundisha, maana safari hii sisi ndio wanunuzi na mimi nilikuwa na hamu ya kumpunguzia. Nilikuwa nimeshaikagua nyumba ile. Bati lilikuwa na kutu upande wa magharibi na jiko halikuwa na mlango.

"Ukifika usishuke," nilimwambia. "Kaa garini, nuna kidogo. Mwenye nyumba akijua unavyoitaka, hapunguzi, na anaweza kupandisha. Mimi nitaongea. Umenielewa?"

"Nimekuelewa kabisa, Mama Neema."

Alikuwa amenielewa mpaka gari lilipopita geti la Dotto. Sijui mlango aliufungua saa ngapi. Gari lilikuwa bado linatembea. Nilichoona ni mama wa umri ule anakata uwanja kwa mbio, kanga moja imebaki njiani, na kutoka ndani ya nyumba anatoka yeye mwenyewe, uso uleule, mbio zilezile. Walikutana na kuanguka chini wote wawili. Walikuwa wanalia na kucheka na kupigana mabegani, na majirani wakaanza kupiga vigelegele bila hata kujua ni kwa nini.

Mzee Jilala alikuwa amesimama barazani kwake, mikono nyuma, ameona yote.

"Yule ndiye mnunuzi?" aliniuliza.

"Ndiye," nikasema. Bati na kutu yake niliviacha tumboni. Nilimsubiri apandishe.

Alimwonyesha Dotto kwa kidevu. "Huyu jirani yangu kila jioni anakaa kwenye uzio huu anaongea na simu," alisema. "Anaongea, anacheka, halafu simu ikikata anakaa tu." Akanigeukia. "Bei ni ileile niliyosema. Sipunguzi."

"Sijaomba upunguze, mzee wangu," nikamwambia, na sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto. Ni nyumba pekee niliyowahi kununulia mtu bila kupunguziwa hata shilingi, na naitangaza kila ninapokaa.

Tukatandaza karatasi juu ya meza yake, mwenyekiti wa kitongoji akaitwa. Mzee Jilala alikuwa mtu wa kusoma kila mstari. Alikuwa amefika nusu tuliposikia kishindo nje, kama mtu anayepasua kuni. Tukachungulia. Mapacha walikuwa kwenye uzio wa minyaa uliotenganisha nyumba hizo mbili, mmoja ana panga, mwingine ana jembe, wanafungua njia ya mtu kupita.

"Angalieni utomvu usiwaingie machoni!" Mzee Jilala akapiga kelele. Hawakumsikia. Akageuka kwangu. "Wanakata uzio wangu, na mimi sijatia saini."

Akatazama karatasi, ukurasa mzima umebaki hajausoma, akaisukuma mbele.

"Nipe kalamu," alisema, "kabla hawajafika kwenye ukuta."